Tovuti ya Malindi inakaa wapi? Kuchagua kampuni ya kuihifadhi

Tovuti ya nyumba ya wageni ya Casuarina haiko Casuarina. Picha za bwawa, bei za vyumba na fomu ya kuwekea nafasi zimehifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo huenda iko Nairobi, huenda iko Frankfurt, na mara nyingi mwenye nyumba hajui iko wapi. Alimlipa kijana aliyemtengenezea, akapewa anwani, akaiona imefunguka kwenye simu, basi. Maswali huanza Desemba, wageni wa Krismasi wanapotafuta vyumba na tovuti haifunguki.

Kati ya watu wa hapa ninaowasaidia na mambo haya, wenye nyumba za wageni, wapiga mbizi wa Watamu, shule, vikundi vya akina mama, karibu kila mmoja huanza na bei. Nao wana haki, maana pesa ni zao. Lakini mimi naona swali la kwanza liwe jingine: siku nikitaka kuihama kampuni hii, nitatoka na nini mkononi? Kampuni inayokuacha uondoke na jina lako, faili zako na barua zako bila mvutano ndiyo ninayoiita ya kuaminika. Haina cha kukushikia isipokuwa huduma nzuri, kwa hiyo inalazimika kuitoa. Ili uweze kuuliza swali hilo sawasawa, inabidi kwanza ujue unanunua nini.

Vitu vitatu katika kifurushi kimoja

Mgeni aliyeko Milano anaandika anwani ya tovuti yako kwenye simu yake. Simu haijui seva iliko. Inauliza kwanza mfumo wa majina wa intaneti, DNS, nao unajibu kwa namba. Simu inaifuata namba hiyo mpaka kwenye seva, na seva inatoa ukurasa. Mgeni akikuandikia barua pepe, barua hiyo inashika njia yake na inaweza kuishia kwenye seva tofauti kabisa. Hapo pana huduma tatu: jina, ambalo wataalamu huliita kikoa, hifadhi ya tovuti yenyewe, na barua pepe. Kampuni nyingi huziuza pamoja kwa ankara moja, na mnunuzi huamini amenunua kitu kimoja.

Tofauti yake inaonekana siku ya matatizo. Jina likiisha muda, seva inaweza kuwa nzima na hakuna atakayeifikia. Seva ikianguka, jina liko salama, na ukiwa na nakala ya faili zako unaweza kulielekeza kwenye seva nyingine siku hiyo hiyo. Lakini kampuni ikikufungia akaunti kwa sababu ya mvutano wa malipo, na vyote vitatu viko kwake, umevikosa vyote kwa mpigo, pamoja na ile barua pepe ambayo ungeitumia kulalamika. Ndiyo sababu huwa nashauri jina lisajiliwe kampuni moja na tovuti ihifadhiwe nyingine. Usumbufu wake ni kukumbuka ankara mbili kwa mwaka badala ya moja.

Jina ni lako au ni la fundi?

Majina yanayoishia na .ke yako chini ya KENIC, shirika linalosimamia majina ya Kenya, na husajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa zinazoitwa wasajili. Biashara huchukua .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, vyuo .ac.ke, shule .sc.ke; na tangu mwaka 2017 mtu anaweza kusajili jina linaloishia na .ke peke yake. Majina ya .com yanafuata kanuni za shirika la kimataifa la ICANN. Kwa nyumba ya wageni sioni ubaya wa kuchukua yote mawili, .com na .co.ke, na moja likaelekezwa kwa jingine.

Tatizo ninalokutana nalo zaidi Malindi halihusu kampuni kabisa. Fundi anayetengeneza tovuti analisajili jina kwa barua pepe yake na simu yake. Si lazima awe na nia mbaya. Alikuwa na haraka, na mteja hakuuliza. Baada ya mwaka mmoja au miwili fundi anapata kazi Doha, namba yake inabadilika, ankara inatumwa kwenye barua pepe asiyoifungua tena, na jina linakufa. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Silversands alikuwa ameliandika jina hilo kwenye kadi, kwenye kibao cha barabarani na ubavuni mwa boti ya kupeleka wageni kwenye matumbawe. Lilipokwisha muda likachukuliwa na mtu wa nchi nyingine. Hakuna kampuni iliyomdhulumu, na hakuna pa kushtaki. Alianza upya na jina jipya, na kibao kikapakwa rangi.

Kwa hiyo kagua leo, kabla hujasoma aya inayofuata ukitaka. Mwombe fundi akupe njia ya kuingia kwenye akaunti ya msajili. Jina la mmiliki liwe lako au la kampuni yako. Barua pepe iliyoandikwa pale iwe yako, na isiwe chini ya jina hilo hilo, maana jina likizimika na barua hiyo inazimika nalo, na onyo la kulipa halitakufikia. Uliza pia namna ya kupata msimbo wa uhamisho, ambao ndio ufunguo wa kulipeleka jina kwa msajili mwingine. Jina la .com lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida halihamishiki mpaka zipite siku 60, kwa hiyo ukikataliwa ndani ya muda huo usidhani unaonewa. Na .com likishafutwa kwa kutolipiwa, hukaa siku 30 ambamo mwenyewe bado anaweza kulikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Likipita hapo, mwenye haraka ndiye mwenye jina.

Kuna jambo la pili linalofanana na hili. Mafundi wengi ni wauzaji wa rejareja: wananunua nafasi kubwa kwenye kampuni fulani na kuwagawia wateja wao. Huo si udanganyifu, ni biashara halali. Lakini unapomlipa fundi shilingi zako na yeye asiilipe kampuni, tovuti yako inazimika pamoja na za wenzako wote walio chini yake, na ukipiga simu kwenye kampuni utaambiwa hujulikani. Ama uwe na akaunti yako mwenyewe na fundi apewe ruhusa ya kuingia, ama uwe na fundi unayemwamini kwa maandishi na si kwa mdomo tu.

Seva ya pamoja, na neno “bila kikomo”

Kifurushi cha bei nafuu karibu kila mahali ni seva ya pamoja: kompyuta moja yenye mamia ya tovuti. Ni nyumba ya vyumba ya Majengo, yenye tangi moja la maji uani. Mpangaji mmoja akiacha bomba wazi kutwa, wengine wote wanaoga kwa kopo. Kampuni nzuri huweka vipimo ili mpangaji mmoja asimalize tangi. Kampuni mbaya hujaza wapangaji mpaka maji hayatoshi hata bila mharibifu.

Ndiyo maana neno “bila kikomo” la kwenye matangazo halinivutii. Kompyuta ina mwisho, na mwisho huo umeandikwa mahali fulani katika masharti. Nafasi ya diski inaweza isihesabiwe, lakini idadi ya faili ikahesabiwa, na muda wa kichakato, yaani ubongo wa kompyuta, ukahesabiwa, na kumbukumbu yake ya kazi ikahesabiwa. Tovuti ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, yenye viongezi vingi huwa na makumi ya maelfu ya faili ndogo ndogo, na barua pepe zilizolundikana miaka mitatu huongeza nyingine. Kampuni inayokuandikia waziwazi “gigabaiti 10, faili laki mbili, kumbukumbu ya gigabaiti moja” inakuheshimu zaidi kuliko inayokuahidi bahari.

Ngazi inayofuata ni seva pepe binafsi, ile inayoitwa VPS, ambapo unatengewa sehemu yako ya kompyuta. Mafundi vijana huipenda, na mteja akisikia “yako peke yako” naye huipenda. Mimi huwa nauliza: nani ataiwekea masasisho ya usalama kila wiki? Seva pepe isiyo na msimamizi ni mlango ulioachwa wazi, na roboti za wahalifu hupita intaneti nzima zikijaribu milango usiku na mchana. Nyumba ya wageni ya vyumba kumi, shule, duka la vinyago la Barabara ya Lamu, vyote vinatoshwa na seva ya pamoja iliyosimamiwa vizuri. Mfumo unaopokea malipo na kutunza hesabu za mamia ya wanachama, huo ufikirie seva pepe, pamoja na mshahara wa mtu wa kuitunza.

Na kabla hujailaumu seva kwa uzito, tazama picha zako. Simu ya siku hizi hupiga picha ya megabaiti nne au tano. Mwenye nyumba anapandisha picha 30 za bwawa, vitanda vya mnazi na machweo, zote kwa ukubwa wake wa asili, na ukurasa wa kwanza unafika megabaiti 120 na zaidi. Hakuna kampuni duniani itakayoufanya ukurasa huo kuwa mwepesi kwa mtu aliyenunua bando la shilingi 50. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,600 hushuka hadi kilobaiti mia mbili au mia tatu kila moja, na jicho la mgeni halitaona tofauti kwenye simu. Nimeona tovuti zikihamishwa kampuni hadi kampuni kwa ugonjwa huu, na ugonjwa unahama nazo.

Seva iwe karibu na nani?

Wengi hudhani seva ya Kenya ndiyo bora kwa tovuti ya Kenya. Inategemea msomaji wako yuko wapi. Data hupita kwenye nyaya za kioo kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kidogo, lakini ukurasa mmoja hauendi na kurudi mara moja. Kuna kuuliza jina, kuna kufungua mawasiliano, kuna kukagua cheti cha usalama, kuna kuita picha na faili za mtindo, na safari hizo zikijumlishwa mtu anaanza kuhisi.

Malindi imekuwa na uhusiano na Italia tangu miaka ya 1960. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa mwaka 1967 kutoka kwenye jukwaa la baharini pale Ngomeni, na Waitaliano wa mapumziko wakafuata wale wa mitambo. Kama wateja wako ni wa Milano na Roma, wanaotafuta chumba wakiwa kwao, seva iliyo Ulaya inawafaa kuliko ya Nairobi. Lakini shule ya Ganda inayoweka matokeo na kalenda, chama cha akiba cha wavuvi wa Mayungu, duka linalouza kwa watu wa Kilifi na Mombasa, hao wasomaji wao wako hapa, na seva iliyo Nairobi au Mombasa ina faida ya kweli.

Ina faida nyingine isiyoonekana mpaka siku ya balaa. Kebo za baharini zinazotuunganisha na dunia zinatia nanga Mombasa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine baadaye. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, wakati baadhi ya kebo za Bahari ya Shamu zilikuwa bado zimeharibika tangu Februari. Intaneti ya Afrika Mashariki ikawa nzito kwa siku kadhaa. Tovuti iliyo ndani ya nchi, ikisomwa na mtu aliye ndani ya nchi, haihitaji kebo hizo, mradi kampuni yenye seva imeunganishwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP. Kituo hicho kilianzishwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano, kisha kikafunguliwa tena 2002, kwa sababu hii hasa: barua ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine isizunguke mpaka ng'ambo na kurudi.

Hapa uliza waziwazi, kwa kuwa kampuni yenye ofisi Nairobi na anwani ya .co.ke inaweza kabisa kuwa inakodi seva Ujerumani au Marekani. Si dosari, bali ni jambo la kulijua. “Seva zenu ziko mji gani, kwenye kituo gani cha data?” Kampuni inayojijua hujibu kwa sentensi moja.

Wasomaji wako wakiwa pande zote mbili, kuna mitandao ya usambazaji inayoweka nakala za kurasa zako karibu na wasomaji, Cloudflare kwa mfano, ambayo ina vituo Mombasa na Nairobi na ina kifurushi cha bure. Kwa tovuti nyingi za hapa hiyo inamaliza mjadala wa umbali kabisa.

Asilimia 99.9 ni saa ngapi?

Kila tangazo lina asilimia ya muda ambao tovuti yako itakuwa hewani. Zigeuze kuwa saa. Asilimia 99 inaruhusu tovuti kuwa chini siku tatu na saa 15 kwa mwaka. Asilimia 99.9 inaruhusu saa nane na dakika 45 kwa mwaka, au dakika 43 kwa mwezi wa siku 30. Asilimia 99.99 ni dakika 53 hivi kwa mwaka mzima. Halafu soma fidia: kampuni ikishindwa kutimiza, kwa kawaida hukurudishia sehemu ya ada ya mwezi huo, tena ukidai mwenyewe. Nafasi za Krismasi zilizokwenda kwa jirani hazimo.

Matengenezo yaliyotangazwa mara nyingi hayahesabiwi, kwa hiyo tazama yanafanyika lini kwa saa zetu. Saa sita ya usiku Ujerumani ni saa saba au saa nane usiku Malindi, hakuna anayeumia. Lakini saa nane usiku ya New York ni saa tatu au saa nne asubuhi hapa, wakati ofisi zote zimefunguliwa. Ukisha kujiunga, usitegemee neno la kampuni: kuna huduma za bure zinazoigonga tovuti yako kila dakika chache na kukutumia ujumbe ikikosa kujibu. Rekodi ya miezi miwili ya huduma hiyo inakuambia zaidi kuliko tangazo lolote.

Nakala, na moto wa Strasbourg

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hiyo si kampuni ya uchochoroni. Ni miongoni mwa kubwa kabisa Ulaya. Jengo moja liliteketea lote, jingine likaungua kwa sehemu, na mamilioni ya tovuti yakazimika. Hakuna mtu aliyepoteza maisha. Lakini wapo wateja waliokuwa wakilipia nakala za akiba, na nakala hizo zilikuwa pale pale zilipokuwa tovuti, zikaungua pamoja.

Neno “tunachukua nakala kila siku” basi halitoshi. Uliza nakala zinakaa wapi, jengo lile lile au mji mwingine. Uliza zinahifadhiwa siku ngapi, maana tovuti iliyovamiwa inaweza kukaa wiki mbili kabla mtu hajagundua, na nakala za siku tatu zote zitakuwa na uchafu ule ule. Uliza nani anarejesha, wewe kwa kubonyeza au wao kwa kuombwa, na kama kuna malipo. Halafu, hata majibu yakiwa mazuri yote, weka yako. Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili, faili na hifadhidata, yaani ghala la maandishi yake, na nakala isiyo na hifadhidata ni picha na mapambo bila maneno. Mara moja kwa mwezi pakua zote mbili, ziweke kwenye diski nyumbani na kwenye akaunti ya mtandaoni isiyo ya kampuni ile. Kwa nyumba ya wageni inayobadilisha bei mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa mwezi inatosha sana.

Na ijaribu. Mpe fundi nakala hiyo aifungue kwenye kompyuta yake mbele yako. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado hujui kama unayo.

Bei, sifa, na mtu wa kujibu simu

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa huwa ni ya mara ya kwanza. Tafuta ya kuhuisha, ambayo inaweza kuwa mara mbili au tatu, na uangalie kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Ankara ya dola ina hatari yake: Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ikawa karibu 130, kwa hiyo ankara ya dola mia ilitofautiana kwa shilingi elfu tatu bila kampuni kubadilisha chochote. Anayelipwa kwa yuro na wageni huenda asijali. Shule ijali, na itafute anayepokea shilingi kwa M-Pesa. Punguzo la miaka mitatu ni tamu, lakini kwa kampuni usiyoijua linakufunga. Lipa mwaka mmoja kwanza, au mwezi mmoja kama wanaruhusu.

Cheti cha usalama, kile kinachoweka “https” mwanzoni mwa anwani, kisikuongezee gharama. Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure, na kampuni nyingi huvifunga na kuvihuisha zenyewe. Kisipokuwapo, kivinjari cha Chrome tangu Julai 2018 humwambia mgeni kwamba tovuti si salama, na mgeni wa watu hana muda wa kuuliza kwa nini.

Orodha za “kampuni kumi bora” zinazojaa mtandaoni zisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa waandishi wengi wa orodha hizo hulipwa kamisheni kwa kila msomaji anayenunua kupitia kiungo chao. Na majina mawili yanayoshindanishwa kwenye orodha yanaweza kuwa ya mwenyewe mmoja: Bluehost na HostGator zote ni za Newfold Digital. Mimi naamini zaidi neno la mwenye biashara wa mtaa wa pili ambaye tovuti yake iliwahi kuanguka, na anaweza kunieleza walimjibu baada ya muda gani.

Usipokuwa na jirani huyo, wajaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Jumamosi jioni watumie swali hili: “Nikitaka kurejeshewa tovuti yangu ilivyokuwa juzi, nifanye nini, itachukua muda gani, na nitalipa kiasi gani?” Anayekujibu Jumatatu kwa kukupa kiungo cha vifurushi, amekujibu. Anayekujibu usiku ule ule kwa hatua, hata kama hatua zenyewe huzielewi vizuri, hata kama bei yake imezidi kwa shilingi elfu moja kwa mwaka, huyo ndiye ningempa pesa yangu.

Barua pepe na pasipoti

Barua pepe huwa ya mwisho kufikiriwa, ilhali ndiyo inayoleta wageni. Kwenye seva ya pamoja mnatumia anwani moja ya mtandao. Mpangaji mmoja akituma takataka, anwani inaingia kwenye orodha nyeusi, na uthibitisho wako wa nafasi ya chumba unatupwa kwenye taka za Gmail. Februari 2024 Google na Yahoo zilikaza masharti kwa wanaotuma barua, na rekodi za uthibitisho ziitwazo SPF na DKIM sasa si hiari kwa anayetaka kufika. Mwulize fundi kama zimewekwa. Kwa biashara inayoishi kwa barua pepe, huwa nashauri barua zihudumiwe na kampuni ya barua, mbali na seva ya tovuti.

Na kama fomu yako inaomba nakala ya pasipoti, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Data hizo zikivuja na kuwaweka wageni hatarini, unapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue, na “ni kosa la kampuni ya seva” haikuondolei wajibu. Ushauri wangu ni mfupi: usiombe pasipoti kwa tovuti. Iangalie mgeni akifika mapokezi.

Kuhama bila kuzimika

Anayetaka kubadilisha kampuni achague msimu. Hapa ni Mei na Juni, mvua za masika zinaponyesha na nusu ya hoteli zimefunga milango. Asihame Desemba hata kama ana hasira.

Fungua akaunti mpya huku ya zamani ikiendelea. Nakili faili na hifadhidata, na uijaribu tovuti kwenye seva mpya kwa anwani ya muda; jaza fomu ya nafasi uone kama ujumbe unafika. Pakua barua pepe zote zilizoko kwenye seva ya zamani, maana hizo hazihami zenyewe na ndizo husahauliwa. Siku moja kabla, punguza TTL kwenye rekodi za DNS, yaani muda ambao mitandao hulikumbuka jibu la zamani kabla ya kuuliza upya, ushuke hadi dakika tano. Halafu lielekeze jina kwenye seva mpya, asubuhi ya katikati ya wiki, si Ijumaa jioni. Kwa saa kadhaa wengine wataona seva ya zamani na wengine mpya, kwa hiyo siku hiyo usibadilishe bei wala picha yoyote. Akaunti ya zamani iache wiki mbili zaidi, ukiingia kila siku kutazama kama kuna barua bado inaangukia kule. Zikikoma kabisa, chukua nakala ya mwisho, kisha uifunge kwa maandishi na uombe uthibitisho kwamba kadi yako haitakatwa tena.